Mteja anadai mfuko wa bure: nimlipishe, nimpe, au nimpunguzie bei?

SWALI

"Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni mama mwenye duka la vyakula hapa Mwanga, Kigoma. Enzi za rambo nilikuwa natoa mfuko bure. Zilipokatazwa nikaanza kununua mifuko mbadala kwa jumla; mdogo unaniangukia shilingi 150, mkubwa 350. Mwanzoni niligawa tu, faida yote ikawa inaishia humo. Sasa nauza mdogo 200, mkubwa 500, na kila siku ni maneno. Wapo wanaosema mfuko ni haki ya mteja. Wapo wanaosema plastiki ilikatazwa ili sisi wenye maduka tupate pa kuchumia. Jirani yangu anagawa vile vifuko laini vyeupe vinavyoonyesha ndani, na wateja wanahamia kwake. Binti yangu wa sekondari ananiambia nchi za nje wanalipisha mifuko na taka zimepungua. Naomba ukweli: kulipisha kunapunguza taka, au nawaumiza watu bila sababu? Nilipishe, nigawe, au nimpunguzie bei anayekuja na kapu lake?"

JIBU

Dada yangu, naona mambo mawili yanakuchosha kwa pamoja: pesa inayopotelea kwenye mifuko na maneno ya wateja wanaokuona mchoyo. Nimependa lile la tatu ulilolisema mwishoni, kwamba hutaki kuwaumiza watu kwa kisingizio cha mazingira. Nitajibu yote, ila si kwa mpangilio ulioyauliza.

Kwa kifupi, lipisha. Mfuko ukiwekewa bei, mifuko inayotoka dukani hupungua. Hilo limepimwa katika nchi kadhaa na binti yako hajakudanganya. Lakini bei hufanya kazi hiyo kwa njia ambayo wengi hawaifikirii, na ukiikosea utajikuta unaingiza plastiki nyingi mtaani kuliko ulipokuwa unagawa rambo. Kipimo chako cha kufanikiwa kiwe kuuza mifuko michache zaidi kila mwezi. Najua ni ajabu kumwambia mwenye duka afurahie bidhaa isiyotoka, lakini kwa mfuko ndivyo ilivyo.

Tuanze na sheria, maana wateja wako wameichanganya kidogo. Katazo lililoanza Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019 linahusu mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, bila kujali unene wake. Kanuni zake zinaeleza mfuko gani hauruhusiwi kutengenezwa, kuingizwa nchini, kuuzwa wala kutumiwa. Hazikumwamuru mwenye duka agawe mfuko mbadala bure, kwa hiyo "haki ya mfuko" haimo humo. Wala katazo halikubuniwa kwa ajili ya faida ya maduka ya Mwanga. Zanzibar walitangulia mwaka 2006, Rwanda 2008, Kenya Agosti 2017, na majirani zenu wa Burundi walianza kutekeleza lao mwaka 2020. Kote huko kilio kilifanana: mitaro iliyoziba, ng'ombe na mbuzi waliokufa na nailoni tumboni, fukwe zilizochafuka.

Haki aliyonayo mteja ni kuijua bei kabla hajalipa. Ukimfungia bidhaa kwenye mfuko halafu ukaiingiza mia mbili kwenye jumla kimyakimya, hapo analalamika kwa haki kabisa, na mimi niko upande wake.

Kuna jambo jingine mteja wako hajawahi kuelezwa. Mfuko wa rambo haukuwa bure hata siku moja. Uliununua, ukaitawanya gharama yake kwenye bei ya sukari, sabuni na unga. Yule bibi aliyekuja na kapu lake kila siku alikuwa anawalipia mifuko wateja wengine bila kujua. Ulichofanya sasa ni kuitoa gharama hiyo ilikojificha. Mtu akikuuliza vizuri, mweleze hivyo. Akikuuliza kwa ugomvi, mwache aende, atarudi kufuata bei ya mchele.

Sasa tuje kwenye namna bei inavyofanya kazi. Wengi hudhani mteja huacha mfuko kwa sababu hana mia mbili. Mtu aliyenunua mchele kilo tano, mafuta lita moja na sukari kilo mbili hashindwi na mia mbili. Kinachombadilisha ni kulazimika kuamua. Mfuko wa bure hauamuliwi na mtu: unafunguliwa na muuzaji, unajazwa, unakabidhiwa, hata kwa mtu aliyenunua kiberiti na sabuni ya kipande. Ukishauwekea bei na kuuliza, mteja anatazama alichonunua, anatazama mikono yake, na mara nyingi anagundua haukuwa unahitajika.

Mchumi mmoja wa Marekani, Tatiana Homonoff, alilichunguza jambo hili katika eneo la Washington, ambako kuanzia mwaka 2010 mji wenyewe, na mwaka 2012 wilaya jirani ya Montgomery, walitoza senti 5 kwa kila mfuko. Senti 5 kwa Mmarekani ni karibu na bure. Hata hivyo, kati ya wateja 100, waliochukua mifuko ya duka walishuka kutoka 82 hadi 40. Yapo pia maduka yaliyofanya kinyume: yalimpa mteja senti 5 zilezile kama zawadi kwa kuja na mfuko wake. Huko karibu hakuna kilichobadilika.

Hapo ndipo lilipo jibu la swali lako la mwisho. Kumpunguzia bei mwenye kapu kunapendeza kusikia, lakini hakubadilishi tabia. Binadamu huumia kutoa mia mbili kuliko anavyofurahi kupewa mia mbili. Zaidi ya hapo, punguzo lako litakwenda kwa watu ambao wangekuja na makapu yao hata usingewapa kitu, na wewe utakuwa umeongeza gharama nyingine juu ya ile ya mwanzo. Ukitaka kuwashukuru, washukuru kwa mdomo, au mwongezee mtoto wake pipi. Usiufanye kuwa mpango wa duka.

Je, bei iwe ndogo kama ya Washington, au iume? Ireland walichagua iume. Machi 2002 waliweka tozo ya senti 15 za yuro, zaidi ya mara sita ya kiasi ambacho wananchi walikuwa wamesema wako tayari kulipa. Kabla ya hapo kila mtu alikuwa akitumia wastani wa mifuko 328 kwa mwaka. Ikashuka hadi 21. Miaka michache baadaye matumizi yakaanza kupanda tena taratibu, na Julai 2007 tozo ikaongezwa hadi senti 22. Afrika Kusini nako kuna funzo. Mei 2003 walianza kulipisha senti 46 za randi kwa mfuko, na matumizi yakaporomoka ghafla. Miezi michache baadaye bei ikashushwa, watu wakaizoea, mifuko ikaanza kurudi mikononi. Ukizisoma habari hizi mbili pamoja utaona hatari iliyo mbele yako: bei inayozoeleka hugeuka sehemu ya manunuzi, na mteja anaacha kuamua. England waliokuwa wameanza na peni 5 mwaka 2015 kwa maduka makubwa, mwaka 2021 walifika peni 10 na kuyajumuisha hata maduka madogo.

Kwa hiyo usiipandishe bei leo ili kuwakomoa watu, lakini pia usiishushe ili kumfukuzia jirani. Kushusha ndiko kulikowaponza Afrika Kusini.

Hayo ndiyo mepesi. Gumu ni mfuko wenyewe unaouuza.

Wateja wengi, na wauzaji wengi pia, wanauita mfuko wa kitambaa. Ukiupapasa unafanana na kitambaa kweli, lakini umetengenezwa kwa plastiki iitwayo polipropilini, iliyoyeyushwa na kuvutwa kuwa nyuzi nyembamba kisha zikagandishwa kwa moto bila kufumwa. Chukua kipande chake kidogo ukisogeze karibu na moto wa kiberiti, nje, mbali na watoto: kitajikunja na kuyeyuka, hakitaungua kama pamba. Uliruhusiwa kwa matumaini kwamba, kwa kuwa ni mzito na wa kudumu, mtu atautumia mara nyingi. Matumaini hayo ndiyo yanayoshikilia hoja nzima. Mtu akiununua kwako leo, akautupa, kesho akanunua mwingine, hoja imeanguka.

Tupige hesabu. Kiwango kinachohimizwa kwa mifuko hii ni gramu 70 kwa kila mita ya mraba. Wauzaji wa jumla husema "GSM 70". Mfuko wa sentimita 35 kwa 40, pande zake mbili, bila hata kuhesabu mikanda, una karibu gramu 20. Rambo ya ukubwa huo ilikuwa na gramu 6 hadi 8. Kwa hiyo anayenunua mbadala mpya kila anapokuja dukani anaacha plastiki karibu mara tatu ya aliyokuwa akiiacha zamani, ila safari hii ameilipia.

Mamlaka ya mazingira ya England ilichapisha mwaka 2011 uchunguzi uliolinganisha aina za mifuko kwa kigezo cha hewa inayochangia joto la dunia, kuanzia kiwandani hadi jalalani. Ili ulingane na rambo iliyotumika mara moja tu, mfuko wa polipropilini kama huo wako unatakiwa kutumika mara 11. Wa karatasi mara 3. Wa pamba mara 131. Usikimbilie kusema basi rambo ilikuwa bora na tuirudishe. Uchunguzi ule haukuhesabu mfuko unaopeperuka na kuishia mtaroni, na kwa Kigoma hilo ndilo kubwa. Unachoweza kuuchukua kwake ni ile namba 11. Mfuko unaouza uweze kubeba mizigo 11 bila kukatika mkanda. Usipoweza, huo si mbadala wa kitu chochote.

Na hapa nauliza kuhusu ule mdogo wako wa mia mbili. Sijauona, lakini mifuko midogo ya bei hiyo mara nyingi ndiyo myepesi kuliko yote. Ukiinyanyua juani unaona mwanga ukipita kama kwenye chandarua. Ijaribu mwenyewe: tia mchele kilo tano, ning'iniza kwenye msumari usiku kucha, asubuhi tazama mishono ya mikanda. Ukikuta imefunguka, acha kuinunua. Afadhali uuze mkubwa peke yake, imara, wenye alama ya TBS (shirika la viwango) na jina la mtengenezaji, kuliko kuwa na mdogo unaokwenda haraka kwa sababu ni rahisi na unatupwa haraka kwa sababu hiyohiyo.

Kwa nini nasema mfuko unaoishia mtaroni ndilo jambo kubwa kwa Kigoma? Tazama mji ulivyokaa. Mwanga iko juu, ziwa liko chini. Mvua za Novemba zikishuka, kila kilichoachwa mtaani tangu kiangazi kinasombwa, kinaingia mtaroni, na kisipoziba njiani kinakwenda ziwani. Ziwa Tanganyika ni la pili duniani kwa kina baada ya Baikal, mita 1,470, na mto unaotoka humo ni mmoja tu, Lukuga, upande wa Kongo. Sehemu kubwa ya maji yanayolitoka ziwa hili huondoka kwa mvuke. Plastiki haiendi na mvuke. Inayoelea, jua linaipasua kuwa chembe ndogo. Polipropilini isiyowekewa kinga ya jua hukauka, ikawa kama majani makavu, ikapukutika nyuzi. Inayozama hufika kwenye maji ya chini yasiyo na hewa ya oksijeni, ambayo ni vigumu kuchanganyika na ya juu, na huko haiozi na hairudi. Kwa upande wa Ziwa Victoria, utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulipima sangara na sato walionunuliwa Mwanza, na samaki mmoja kati ya watano alithibitika kuwa na plastiki ndani ya utumbo. Silileti hilo kumtisha mla samaki wenu wa migebuka. Utumbo huwa tunautoa. Lakini dagaa huliwa mzima.

Turudi kwenye kaunta yako, maana vita vyote vinashindwa au kushinda hapo.

Usiguse mfuko kabla mteja hajauomba. Hilo pekee lina nguvu kuliko bango lolote. Muuzaji wako akishazoea kuufungua mfuko na kuanza kupanga bidhaa, mteja anaona aibu kukataa, analipa, anatoka ananuna. Badala yake aulize, "Kapu lipo?" Akijibu halipo, aulize tena, "Utaweza kubeba, au nikuuzie mfuko?" Neno "nikuuzie" lisikike, asishtukizwe. Bei iandikwe kwa maandishi makubwa mahali anapoiona akiwa bado anachagua bidhaa, hata mlangoni: MFUKO UNAUZWA, NJOO NA KAPU LAKO. Mfuko uliouzwa ni bidhaa kama nyingine, kwa hiyo uingie kwenye risiti kwa jina lake. Hilo linakulinda mbele ya TRA, watu wa kodi, na linampa mteja ushahidi kwamba hukumwibia.

Halafu kuna wateja ambao mia mbili inawauma kweli, na hao usiwafumbie macho. Anayekuja kila jioni kuchukua sukari robo, unga nusu na mafuta ya kupima ananunua vitu vya shilingi elfu mbili. Mia mbili ni asilimia kumi ya manunuzi yake, na kesho atakuja tena. Tozo ya mfuko popote duniani humwelemea mnunuzi wa kidogokidogo kuliko wa gari zima. Bahati nzuri, huyu ndiye mtu anayeishi karibu zaidi na duka lako na ndiye aliye rahisi kuja na kitu mkononi. Mama zetu walikwenda sokoni miaka yote na kapu la ukindu, siku hizi lile la nyuzi za plastiki lililosukwa, ambalo linaoshwa na kudumu miaka. Dagaa wabichi wa Kibirizi waliingia kwenye ndoo au beseni, mawese kwenye dumu, na maharage yalifungwa kwenye pindo la kanga. Rambo ndiyo iliyotuzoesha kutoka nyumbani mikono mitupu.

Kwa hao ningependekeza uazimishaji. Nunua makapu ya nyuzi kiasi, yaandike jina la duka kwa rangi, mteja aache amana na achukue pesa yake anaporudisha, kama tunavyofanya kwa chupa za soda. Amana ikaribiane na bei ya kapu lenyewe. Ukiweka ndogo kwa kuona haya, makapu hayatarudi; utakuwa umegundua njia ya kuuza makapu kwa hasara. Na maboksi matupu ya sabuni na biskuti yape wateja wa mizigo mikubwa. Najua kuna watu wanakuja kuyanunua, lakini boksi moja humwokoa mtu mifuko miwili.

Mifuko ya kaki ni mizuri kwa vitu vikavu: karanga, viungo, mkate. Usiifanye mbadala wa kila kitu. Ikilowa imekwisha, na karatasi nayo haiokotwi barabarani. Inatoka kwenye mti, maji na umeme. Mfuko wa kitambaa cha pamba uliouona kwenye ile hesabu ya mara 131 una maana kwa mtu aliyeamua kuutumia miaka miwili au mitatu. Fundi cherehani akikushonea kwa vipande vya vitambaa vilivyobaki, hesabu inabadilika kabisa, kwa kuwa pamba hiyo ilikwishatengenezwa kwa kazi nyingine. Zungumza na mafundi wa hapo sokoni. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo bidhaa inayostahili kukaa kwenye kaunta yako.

Faida ya mfuko uifanyeje? Hakuna anayekulazimisha kitu. Ireland pesa ya tozo huingia kwenye hazina maalumu ya mambo ya mazingira, na England maduka yanatarajiwa kuitoa kwa shughuli za kijamii. Duka dogo halina ulazima wa mambo hayo. Lakini mtu akikushutumu kwamba unachuma, ni rahisi kumjibu ukiwa na la kumwonyesha: kwamba ile mia na hamsini ya kila mfuko mkubwa ndiyo inayomlipa kijana wa kuzoa taka mbele ya safu yenu. Shutuma hufa haraka watu wakiona mtaro uko safi.

Sasa jirani. Vile vifuko laini vimeruhusiwa kama vifungashio, yaani kufungia bidhaa tangu kiwandani na kwa matumizi machache yaliyotajwa kwenye kanuni. Kumbebesha mteja ni kuirudisha rambo kwa mlango wa nyuma, na mwaka 2021 serikali ilirudia kukataza hilo. Anayekutwa na mfuko uliokatazwa anaweza kutozwa faini ya shilingi 30,000 hadi 200,000, au kifungo kisichozidi siku saba. Muuzaji huadhibiwa zaidi ya hapo. Jirani yako anajiweka hatarini yeye, na anawaweka wateja wake pia. Usimwige hata siku moja, hata kama mauzo yako yanashuka wiki hii.

Lakini usianze kwa kumshtaki. Tozo ya Ireland ilifaulu kwa sababu iliyagusa maduka yote siku moja. Hakuna aliyekuwa na pa kukimbilia. Wewe umeanza peke yako, ndiyo maana inakuuma. Kaeni wenye maduka wa safu hiyo, yeye akiwemo, mkubaliane kwamba kuanzia tarehe fulani hakuna anayegawa mfuko. Muishie hapo. Msipangiane bei ya mfuko, kwa sababu Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza wafanyabiashara kupanga bei kwa makubaliano. Kila mmoja aweke yake.

Nisikupe matumaini kupita kiasi. Utembee kwenye mtaro wowote wa Kigoma Ujiji baada ya mvua uhesabu kilichokwama: chupa za maji, vifuko vya ubuyu na karanga, maganda ya sabuni ya unga, nepi. Bei ya mfuko haiigusi hata moja ya hizo. Tena kuna kinachojificha. Huko California, mifuko ya dukani ilipopigwa marufuku, watu waliokuwa wakiitumia kuwekea takataka walianza kununua mifuko ya taka, na zaidi ya robo ya plastiki iliyookolewa ikarudi kwa njia hiyo. Kwetu rambo ilikuwa inawashia mkaa. Ikikosekana, wapo wanaowashia huo mbadala, na moshi wake ndani ya jiko la uani haumfai mtoto wala mama yake. Mteja wako akikuambia anautumia mfuko kuwashia moto, mwambie aache.

Kwa hiyo kulipisha ni jambo moja dogo linalofanya kazi mahali pake. Weka daftari: kila Jumapili andika mifuko mingapi imeuzwa na takriban wateja wangapi wamepita. Baada ya miezi mitatu gawanya. Ikiwa mifuko kwa kila wateja mia imepungua, endelea hivyo hivyo. Ikiwa imebaki palepale au imepanda, bei imezoeleka, au muuzaji wako anaifungua mifuko kabla ya kuuliza. Anza kwa kumchunguza muuzaji. Kupandisha bei kuje baadaye.

Yapo mambo ambayo barua yangu haiwezi kukusaidia, na hayo uyapeleke kwa mtu ana kwa ana. Ukiwa na mzigo wa mifuko dukani ambao huna hakika kama unakidhi kiwango, usingoje ukaguzi. Chukua mfuko mmoja na risiti ya ulikonunua, uende kwa afisa mazingira wa manispaa au ofisi ya kanda ya NEMC, taasisi ya taifa ya mazingira, waupime na wakuambie. Ukithibitika hafifu, usiumalizie kwa wateja. Rudi kwa muuzaji wa jumla na risiti yako. Akija mtu anayejiita mkaguzi na kudai faini, omba kitambulisho, na usitoe pesa isiyo na risiti ya serikali; kama anasita, piga simu manispaa akiwa bado amesimama hapo. Mtaro wa mbele ya duka ukiziba na maji kuanza kuingia ndani, hilo ni la mtendaji wa mtaa na manispaa, uwapelekee mapema, kabla ya Novemba. Na jirani akikataa kikao, akaendelea kugawa, mweleze afisa huyohuyo hali ya safu nzima bila kutaja jina lake kwanza. Mara nyingi ukaguzi wa safu nzima huwatuliza wote bila kuleta uadui kati ya watu wanaochangia ukuta.